Sanduku Limejaa, Lakini "Sina Nguo"



Tunapotembelea vikundi vya hapa Kesses na kuuliza kwa nini mwanachama fulani haonekani siku hizi, mara nyingi tunajibiwa, "Ati hana nguo." Mama mmoja alikosa mikutano mitatu kwa sababu hiyo, akituma mchango wake kwa mkono wa jirani. Tulipofika kwake alitufungulia sanduku la bati. Lilikuwa limejaa mpaka kifuniko hakifungi. Kando kulikuwa na gunia, na juu ya gunia, kamba iliyolemewa na makoti.

Basi, shida ya mama huyu haikuwa kukosa nguo. Alikosa nguo ya kutoka nayo mbele za watu.

Tulifikaje hapa?

Wazee wetu wanakumbuka wakati nguo mpya ilikuwa ya Krismasi tu. Vitambaa vilitengenezwa hapa karibu, katika kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1976. Miaka ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikajaa sokoni. Viwanda vingi vya nguo vikashindwa, kwa sababu hiyo na nyingine. Rivatex nayo ilianguka, mpaka ikanunuliwa mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Moi, ambacho makao yake makuu yako hapa kwetu Kesses.

Hatusemi mitumba ni mibaya. Imetuvika, na imewapa akina mama wengi kazi. Lakini kwa kuwa bei ni ndogo, leo tunanunua blauzi, kesho sketi, bila kujiuliza itavaliwa na nini. Mwisho sanduku linajaa.

Tujifunze kwa muuza mitumba

Muuza mitumba akifungua mzigo wake hakai nao hivyo hivyo. Siku hiyo hiyo anachambua: nzuri kabisa peke yake, za kawaida peke yake, na mabaki yatakayouzwa bei ya kutupa. Anajua nguo iliyofichika chini ya nyingine haimsaidii. Nasi tufanye hivyo nyumbani:

1. Chagua siku ya jua, hasa kati ya Desemba na Februari. Toa nguo zote, zianike. Kila mtu achambue zake. Usimtupie mumeo wala binti yako.

2. Jaribu kila nguo. Keti, inama, inua mikono. Kama unalazimika kuivuta kila mara, haikufai kwa mkutano.

3. Gawa mafungu manne: ninazovaa, za kurekebishwa, za kutoa au kuuza, za matambara.

4. Za kurekebishwa zipe mwezi mmoja. Kifungo, zipu au upindo ni kazi ndogo kwa fundi. Mwezi ukiisha bila kupelekwa, ziingie fungu la tatu.

5. Za kutoa zifuliwe kwanza. Usimpe mwenzako nguo ambayo wewe ungeona haya kuivaa. Sweta ya mtoto iliyo nzima itasaidia sana katika baridi yetu hii.

6. Za pamba zilizochakaa ni matambara mazuri ya kupangusia. Za nailoni na polista usizichome jikoni, moshi wake ni mbaya. Zishone ziwe mto au kizulia cha mlangoni.

7. Kabla ya kurudisha zilizobaki, hakikisha zimekauka kabisa. Unyevu huleta ukungu, na rundo lisiloguswa ni nyumba ya panya.

Jambo moja la heshima: kama kuna nguo za marehemu, msimharakishe mjane. Atachambua siku moyo wake utakapokubali, na pengine atapenda kubaki na koti moja.

Chache zinazolingana

Sketi mbili na blauzi tatu, kama rangi zinapatana, zinakupa mavazi sita. Sketi kumi zisizopatana na chochote zinakupa zogo tu asubuhi. Nguo haimwongezei mtu akili, ni kweli. Lakini anayevuta sketi yake mkutano mzima hasikii hesabu ikisomwa, na wala hasimami kuuliza.

Vikundi navyo vijichunguze. Tumeona sare zikinunuliwa kwa mkopo, na asiyeweza kulipa akaanza kujificha. Sare inayomfukuza mwanachama maskini haijengi kikundi. Leso ya rangi moja au hata beji ya kitambaa yatosha.

Yule mama tulishinda naye mchana mzima. Chini kabisa ya sanduku alipata rinda la buluu alilokuwa amelisahau. Lilihitaji vifungo viwili tu. Mkutano uliofuata alikuja nalo, akaketi mbele. Hesabu ya mikopo iliposomwa, akasimama akauliza riba ya miezi miwili imekwenda wapi. Ilionekana haikuandikwa. Kwa mikutano mitatu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Je, kuna mwenzetu anayekosa mikutano kwa sababu ya mavazi? Tumewahi kumtembelea?
- Sare yetu inamgharimu kila mmoja kiasi gani? Nani ameshindwa?
- Tunaweza kuweka siku moja ya kubadilishana nguo kabla ya shule kufunguliwa?