Usonji huja na wenzake

Daktari amekuambia mwanao ana usonji. Usiondoke kliniki kabla ya kuuliza: je, ana nini kingine?

Watoto wengi wenye hali hii huwa pia na kifafa, kukosa usingizi, wasiwasi au kufunga choo. Mwenye kifafa si lazima aanguke na kutoa povu. Huenda akakodoa macho tu kwa sekunde chache, asisikie hata akiitwa. Andika siku na saa, umwonyeshe daktari.

Kufunga choo ndiko hupuuzwa mno. Mtoto asiyeweza kusema tumbo linamuuma atajigonga kichwa ukutani, nanyi mseme ni usonji wake. Omba akaguliwe tumbo, masikio na meno kabla ya kupewa dawa ya kutuliza.

Dawa ya kuponya usonji haipo, hata ukiuziwa kwa bei ya ng'ombe. Lakini kifafa kina dawa, na usiikatize ghafla mtoto akipata nafuu. Risperidoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa watoto wa miaka 5 hadi 16 wenye usonji, hupunguza hasira na kujiumiza. Huongeza uzito pia, kwa hivyo mtoto apimwe kila aendapo kliniki.