Karakana za Nyumbani na Mashine ya Kukerezea Chuma

Katika miji mingi ya Uingereza, nyuma ya nyumba za watu wa kawaida, huonekana kibanda cha mbao au cha matofali ambacho mpita njia angedhani ni ghala la majembe na vyungu vya maua. Lakini mlango ukifunguliwa jioni, baada ya mwenye nyumba kurudi kazini na kula chakula chake, huonekana humo taa ya umeme, meza nzito iliyofungwa jiliwa, safu za tupa na patasi zilizotundikwa ukutani, na mahali pa heshima mashine moja ya chuma, imepakwa mafuta na kufutwa vizuri kama bunduki ya askari. Mwenye karakana hiyo si fundi wa kuajiriwa. Huenda ni karani wa benki, au mwalimu, au daktari wa meno, au dereva wa gari la moshi aliyestaafu. Vitu avifanyavyo humo haviuzi. Hufanya kwa kuwa apenda, tena huenda akatumia miaka kumi katika kutengeneza kitu kimoja tu.

Mashine hiyo ni ya kukerezea. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawahitaji kuelezwa sana maana ya kukereza, kwani neno ni lao na kazi yenyewe ni ya zamani kwao. Fundi wa miguu ya vitanda alikitia kipande cha mti baina ya ncha mbili za kerezo, akazungusha juu yake kamba ya uta, akavuta na kurudisha, na kwa patasi akauchonga ule mti ulipokuwa ukizunguka. Katika kazi nyingine za useremala kitu hukaa kimya na chombo ndicho kiendacho; katika kukereza kitu huzunguka na chombo hukaa kimya. Kwa sababu hiyo kitu kilichokerezwa hutoka mviringo, hata kama fundi mwenyewe hawezi kuchora duara kwa mkono. Ila uta una kasoro moja: kila unaporudi nyuma, mti huzunguka kinyume, na patasi haikati. Nusu ya nguvu ya fundi hupotea bure.

Mapenzi ya kazi hii yaliwapata hata wafalme. Peter Mkuu wa Urusi, aliyefariki mwaka wa 1725, alikuwa na karakana yake mwenyewe ya kukerezea, na fundi wake Andrei Nartov alimtengenezea mashine ambazo baadhi yake zimehifadhiwa mjini St Petersburg mpaka leo. Louis XVI, Mfalme wa Ufaransa, alipendelea makufuli. Huko London, tangu miaka ya 1790, jamaa ya Holtzapffel walitengeneza mashine nzuri mno za kuchora mapambo juu ya mpingo na pembe za ndovu, na wanunuzi wao walikuwa mabwana wenye mali. Baadhi ya pembe zilizokerezwa London katika karne ya 19 zilitoka bara ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya Unguja, zikichukuliwa mabegani na wapagazi ambao hawakuambiwa kuwa zinakwenda kuwa vikopo vya mapambo na mipira ya kuchezea.

Mashine hizo zilikuwa mchezo wa matajiri. Mashine iliyopo leo katika kibanda cha karani ina asili nyingine, na asili hiyo yafaa kuelezwa kwa utaratibu. Henry Maudslay alizaliwa Woolwich mwaka wa 1771. Kukereza chuma kwa kushika patasi mkononi kuliwezekana zamani zake, lakini unyofu wa kazi ulitegemea mkono wa mtu, na mikono ya watu wawili hailingani. Karibu na mwaka wa 1800 Maudslay aliunganisha katika mashine moja mambo matatu. Kwanza, kisu hakikushikwa tena na mkono, bali kilifungwa juu ya kigari cha chuma kinachotembea juu ya njia iliyonyoka. Pili, kigari hicho kilivutwa na parafujo ndefu. Tatu, parafujo ile ilizungushwa na magurudumu ya meno yaliyoweza kubadilishwa. Si kweli kwamba kila moja ya mambo hayo ilikuwa fikira yake. Kigari kilijulikana kabla yake. Sifa yake ni kuyaunganisha, na kuyafanya kwa usahihi usiokuwa umeonekana. Alikuwa na kipimo chake mezani, kilichoweza kuonyesha sehemu moja katika elfu kumi za inchi, na mafundi wake wakakiita Lord Chancellor, yaani jaji mkuu, kwa sababu mabishano yote yalikwisha kilipotoa hukumu. Joseph Whitworth, ambaye mwaka wa 1841 alitoa kanuni moja ya hesi za parafujo ili nati ya kiwanda kimoja iingie katika parafujo ya kiwanda kingine, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi katika karakana ya Maudslay.

Karne moja ilipita kabla ya mashine ya namna hiyo kufika mikononi mwa mtu wa mshahara mdogo. Mwaka wa 1898 Percival Marshall alianzisha mjini London gazeti liitwalo Model Engineer, kwa ajili ya watu waliopenda kutengeneza injini ndogo na vyombo vya umeme nyumbani, na mwaka huohuo chama cha watu hao kikaundwa. Miaka michache baadaye ndugu wa jamaa ya Drummond, karibu na Guildford, walianza kuuza mashine ndogo za kukerezea zenye bei ya kadiri. Nyingi ziliendeshwa kwa mguu, kama cherehani ya kanyagio, kwani nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Mtu alikanyaga kwa mguu mmoja, akasimama kwa mguu wa pili, na kwa mikono akaongoza kisu. Aliyefanya hivyo saa tatu baada ya kutwa nzima ya ofisini hakuwa mtu mvivu.

Mashine iliyopata jina kubwa kuliko zote katika karakana hizo ni Myford. Kampuni hiyo ilianzishwa na Cecil Moore mwaka wa 1934 huko Beeston, karibu na Nottingham, na mwaka wa 1946, baada ya vita, ikatoa mashine iitwayo ML7. Urefu kutoka kitanda cha mashine hata katikati ya mhimili ni inchi 3 na nusu, kwa hiyo kitu chenye upana wa inchi 7 huweza kuzunguka juu yake. Na karibu na kichwa cha mashine kitanda kimekatwa pengo, ili hata gurudumu la inchi 10 lipate nafasi. Vipimo hivyo si vya bahati nasibu. Vyatosha kabisa kukereza magurudumu ya gari la moshi dogo, na mashine yenyewe yaweza kusimama katika chumba ambamo gari la mtoto lingesongamana.

Jinsi inavyokata hesi ni jambo la kufurahisha kwa mtu apendaye hesabu. Parafujo ndefu ya ML7 ina mizunguko 8 ya hesi katika kila inchi. Maana yake, ikizunguka mara moja, kigari na kisu chake husogea sehemu moja ya nane ya inchi. Basi mtu akitaka kukata parafujo yenye mizunguko 16 katika inchi, hana budi kufanya kitu anachokikereza kizunguke mara mbili wakati parafujo ndefu izungukapo mara moja. Hutia gurudumu la meno 20 upande wa mhimili na la meno 40 upande wa parafujo, na la katikati la kuyaunganisha, ambalo idadi ya meno yake haibadili hesabu. Akitaka 24, hutia 20 na 60. Taabu huanza anapotaka hesi ya vipimo vya milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, 254 ni 127 mara mbili, na 127 haigawanyiki kwa nambari yoyote ila moja na yenyewe. Kwa hiyo atakaye usahihi kamili hulazimika kupata gurudumu la meno 127, ambalo ni kubwa na la kusumbua. Wengi hutumia magurudumu madogo yenye kosa dogo sana, na kwa parafujo fupi kosa hilo halimdhuru mtu.

Pamoja na mashine hiyo huwapo kekee ya umeme iliyosimama juu ya nguzo, jiwe la kunolea linalozunguka, misumeno ya chuma, tupa za kila umbo, na vyombo vya kupimia. Wenye nafasi huongeza mashine ya kuchonga, ambayo ndani yake kisu ndicho kizungukacho. Lakini mzee wa kazi hii akiulizwa chombo cha kwanza cha kununua, mara nyingi hatataja mashine; atataja tupa nzuri na jiliwa isiyotikisika.

Hapana budi kutaja hatari, kwa maana karakana ya nyumbani haina msimamizi wala mkaguzi wa viwanda. Mtu yumo peke yake, usiku, na mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Ufunguo wa kukazia kitu kwenye taya za mashine ukisahauliwa mahali pake, kisha mashine ikawashwa, hurushwa kwa nguvu ya kuvunja uso. Tai, mkono mrefu wa shati, na hata glavu, ambazo mgeni angedhani ni kinga, hunaswa na kitu kizungukacho na kuvuta mkono pamoja nazo. Maranda ya chuma hutoka marefu yenye makali kama wembe, wala hayaondolewi kwa vidole. Jambo jingine halionekani kwa macho. Risasi ya fedha, ambayo kwayo mabamba ya shaba nyekundu huunganishwa motoni, zamani ilichanganywa na madini ya kadimi ili iyeyuke upesi. Moshi wa kadimi huharibu mapafu, na mtu aliyeuvuta huenda asijisikie vibaya mpaka saa nyingi zimepita. Fimbo za namna hiyo bado hukutwa katika madroo ya karakana za zamani, bila karatasi ya kuzieleza.

Shaba hiyo ni ya matangi ya mvuke, na hapa ndipo ulipo moyo wa kazi ya wengi wa watu hawa. Mwandishi mmoja aliyejiita LBSC, kwa kufuata herufi za kampuni ya reli ya London, Brighton na Pwani ya Kusini, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba gari dogo la moshi, lenye reli za upana wa inchi 2 na nusu tu, laweza kuwashwa makaa ya mawe ya kweli na kumvuta mtu mzima. Baada ya hapo aliandika kwa miaka mingi maelezo ya kutengeneza magari hayo, kipande kwa kipande, kwa lugha ambayo mtu asiyepata kushika tupa aliweza kuifuata.

Tangi la gari la namna hiyo hufanya kazi kwa nguvu ya ratili 80 au 90 kwa kila inchi ya mraba, na watoto huketi nyuma yake siku za Jumapili. Kwa hiyo halikubaliwi kwa neno la mtengenezaji peke yake. Mkaguzi wa chama hulijaza maji baridi, bila moto, kisha hulisukumia nguvu mara mbili ya ile litakayofanyia kazi. Maji hayabanwi kama mvuke; tangi likipasuka, maji hutiririka tu na hakuna aumiaye. Mtu aliyetumia majira mawili ya baridi kulitengeneza husimama kando akiitazama sindano ya kipimo, wala mkaguzi hamwonei huruma.

Kiwanda cha Myford huko Beeston kilifungwa mwaka wa 2011, na jina likanunuliwa na wafanya biashara wa Yorkshire. Mashine ndogo mpya zinunuliwazo leo nyingi hutoka China. Bei zake ni nafuu, lakini mnunuzi mwenye busara huifungua yote, akasafisha mafuta ya safarini, akakaza na kulinganisha kila kitu kabla ya kuitumia. Wengine hupendelea Myford ya zamani. Hao huangalia kwanza kitanda chake karibu na kichwa, kwani kazi nyingi hufanyika hapo na chuma hulika hapo kwanza. Hukereza fimbo moja ya chuma na kupima unene wake huku na huku. Ikiwa imezidi upande mmoja, na ncha zimelingana sawasawa, kitanda kimelika, na bei hupunguzwa.

Nyingi za mashine hizo huuzwa wenyewe wakiwa wamekwisha kufariki. Mjane hajui kama kile kipande kizito cha chuma ni cha pauni ishirini au elfu mbili, na mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja ya kumweleza. Vyama vingi huwatuma wazee wawili watatu kwenda kuandika orodha na kutaja bei za haki. Mara nyingi hukuta chini ya meza gari la moshi lililofika nusu: magurudumu yamekwisha, mitungi imetobolewa, tangi bado ni mabamba yaliyokatwa, na michoro imekunjwa katika bahasha yenye alama za penseli. Gari hilo huuzwa pamoja na michoro yake, na mtu mwingine huanza pale penseli ilipoishia.