Mgonjwa wa Akili Mbele ya Hakimu

Wanafunzi wenzangu, tukigombana utasikia mtu akiambiwa, "Enda Mathari!" Wengi wetu tunadhani Mathari ni mahali pa kufungia watu tu. La hasha! Hospitali hiyo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, huwatibu wagonjwa wa akili, na ina sehemu yenye ulinzi mkali kwa wale wanaoletwa na mahakama.

Kwani mahakama yahusika vipi na ugonjwa? Sheria yetu inauliza maswali mawili. La kwanza: je, mshtakiwa anaweza kuelewa kesi yake leo? Hakimu akiona shaka, huamuru apimwe na daktari wa magonjwa ya akili. Ikionekana hawezi kujitetea, kesi huahirishwa atibiwe kwanza. Akipata nafuu, anarudishwa kortini.

La pili: je, siku ya tendo lenyewe alijua anafanya nini, na kwamba halifai? Kama ugonjwa ulimnyima fahamu hiyo, sheria haimlaumu kama mhalifu mwingine. Lakini hapa ndipo penye taabu. Kwa miaka mingi watu hao waliwekwa ndani "kwa radhi ya Rais", bila kuambiwa siku ya kutoka. Mwizi aliyefungwa miaka 3 alihesabu siku zake. Mgonjwa hakuwa na cha kuhesabu. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba kumweka mtu hivyo bila kikomo kunapingana na Katiba.

Wako wanaosema ati wakiachiliwa watatudhuru tena. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana aliyeumizwa naye ana haki yake. Lakini kuta hazitibu mtu. Mgonjwa akimeza dawa kama alivyoagizwa, na jamaa wakampokea na kumkumbusha kwenda kliniki, hatari hupungua. Akikataliwa nyumbani, dawa humwishia, ugonjwa hurudi, na polisi nao hurudi.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ugonjwa huu haubishi hodi kwa jirani peke yake. Mtu akishikwa na malaria twamkimbiza hospitalini siku hiyo hiyo. Basi huyu naye tumpeleke mapema, kabla hajapelekwa na askari akiwa na pingu mikononi.