Utunzaji wa Violezo vya Slaidi na Matoleo Yake katika Ofisi Ndogo

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulihudumu katika ofisi yenye watumishi wanne. Siku ya mkutano wa mwaka, mtunza hazina alionyesha ukutani jedwali la matumizi lisilolingana na taarifa iliyokuwa mikononi mwa wajumbe. Minong'ono ikaanza, na mtu mwaminifu akashukiwa kuwa anaficha fedha. Kumbe alikuwa amefungua wasilisho la mwaka uliotangulia, akabadilisha kichwa na tarehe, kisha akasahau slaidi moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kosa la namna hii linavyozaliwa, na utaratibu unaoweza kulizuia.

2. Chanzo cha Tatizo

Hatuna budi kutofautisha mambo matatu. Kiolezo ni umbo tupu: nembo, rangi, aina ya herufi na nafasi za maneno. Wasilisho ni umbo hilo likiisha kujazwa maudhui. Toleo ni hali ya faili kwa wakati fulani. Ofisi ile haikuwa na kiolezo. Ilitumia mawasilisho ya zamani mahali pake. Waliosoma miswada ya kale wanajua kwamba kosa la mnakili mmoja hurithiwa na nakala zitokanazo na nakala yake. Ndivyo ilivyo kwa slaidi. Tena faili ziliitwa "Mpya", "Mpya Mwisho" na "Mwisho Kabisa", majina ambayo hayakumwambia mtu ipi ilitangulia.

3. Utaratibu Unaofaa

Kwanza, kiolezo kihifadhiwe kama kiolezo. Katika PowerPoint, tangu toleo la 2007, jina la faili ya wasilisho huishia na .pptx, na la kiolezo .potx. Mtu akibofya kiolezo mara mbili, programu humfungulia wasilisho jipya lisilo na jina, nacho kiolezo hubaki kama kilivyokuwa. Ndani yake isiwemo tarakimu yoyote ya hesabu.

Pili, awepo mlinzi mmoja wa kiolezo. Wengine wakitumie, bali yeye peke yake akibadilishe, naye afanye hivyo katika slaidi kuu inayotawala sura ya slaidi nyingine zote. Ikumbukwe kwamba kubadilisha kiolezo hakubadilishi mawasilisho yaliyokwisha kutengenezwa kwacho. Kwa hiyo mlinzi awaarifu wenzake kila anapokirekebisha.

Tatu, jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2024-03-15. Mpangilio huu, uliowekwa katika kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 mwaka 1988, huiwezesha kompyuta kupanga faili kwa kufuata tarehe zake bila msaada wa mtu.

Nne, faili moja ihaririwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Waandishi wa programu za kompyuta wanacho chombo kiitwacho Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huunganisha marekebisho ya watu wengi. Lakini chombo hicho hulinganisha mistari ya maandishi, hali faili ya .pptx ni furushi lililobanwa, lenye maandishi na picha pamoja; hakiwezi kuunganisha kwa manufaa kazi za watu wawili ndani yake. Ofisi ndogo yatosha kuwa na daftari: nani amechukua faili, lini, na amebadilisha nini.

Tano, wasilisho lililokwisha kutumika lihamishiwe katika kabrasha la kumbukumbu, lisomwe tu.

4. Hitimisho

Huenda msomaji akasema, "Sisi ni wachache, tunaelewana." Nasi tulisema hivyo. Lakini mmoja huhamishwa, mwingine huugua, na maelewano yaliyokaa kichwani huondoka pamoja na mwenyewe. Mtunza hazina wetu alisafishwa jina lake pale faili mbili zilipowekwa sambamba na kukaguliwa slaidi kwa slaidi. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na katika siku hizo mbili alisalimiwa na wachache. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliloliona sisi ni kwamba hata jina jema la mtu laweza kupotea hivyo hivyo.