Maua ya Kuwarushia Maharusi: Tuyakaushe Wenyewe Nyumbani



Pasaka ikishapita, matangazo ya ndoa huongezeka. Wachumba waliosubiri wakati wote wa Kwaresima hujitokeza, na Jumamosi baada ya Jumamosi uwanja wa kanisa hapa Mombo hujaa vigelegele, matarumbeta na magari yaliyopambwa kwa riboni. Maharusi wanapotoka mlangoni, hurushiwa vile vipande vidogo vinavyometameta vinavyouzwa madukani ndani ya vibomba vya kufyatua. Picha hutoka nzuri. Nami nilizifurahia, hadi mwaka mmoja, wiki tatu hivi baada ya harusi kubwa, mama mmoja wa zamu ya usafi aliponiambia kwamba harusi ile yeye bado anaifagia.

Nilitoka nikatazama. Vipande vilikuwa vimekwama katikati ya nyasi, vingine vimezama kwenye tope la mfereji, na kuku wa jirani walikuwa wakividonoa kwa kuwa vinang'aa. Wengi hudhani ni karatasi. Sehemu kubwa ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini, ndiyo maana mvua haivilainishi wala mchwa hawavigusi. Jua huvikatakata tu vikawa vidogo zaidi. Na huku kwetu mfereji hauishii njiani. Maji ya mto Soni, yanayoshuka kutoka milima ya Lushoto na kunywesha mpunga wa Mombo, huendelea bondeni hadi Mkomazi, kisha Pangani, kisha baharini. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nasi tukazoea vikapu na mifuko mbadala. Plastiki inayokuja kwa sura ya pambo tumeisahau. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, namba 211, alipoorodhesha matendo madogo ya kila siku ya kutunza nyumba yetu ya pamoja, alitaja wazi kuepuka matumizi ya plastiki na karatasi.

Lakini lipo jambo linaloniumiza kuliko takataka. Nimekutana na wachumba, wengine tayari wana watoto wawili, wanaoishi miaka mingi bila Sakramenti kwa sababu kamati ya harusi haijatimiza bajeti. Ukiisoma bajeti hiyo, utakuta mapambo, mapambo, na mapambo. Vibomba hivyo si gharama kubwa kuliko zote, nakubali, ila ni miongoni mwa zile ambazo jirani na shangazi wangeweza kuzifuta kwa mikono yao wenyewe ndani ya wiki moja.

Wapo wasemao: basi turushe mchele. Nimesikia hoja kwamba mchele huua ndege kwa kuvimba tumboni. Hilo si kweli, na mkulima yeyote wa Mombo aliyeshinda shambani akifukuza kwelea kwelea huenda angetamani liwe kweli. Sababu yangu ya kukataa ni nyingine. Katika bonde linalolima mpunga kwa jasho, kumwaga chakula chini mbele ya mtu asiyejua watoto wake watakula nini usiku hakuendani na Ekaristi tuliyotoka kuiadhimisha. Tena punje juu ya ngazi za saruji huteleza, na viatu vya bibi harusi vina visigino virefu.

Neno moja la Sheria za Kanisa, kwa kuwa siku hizi naombwa kufungisha ndoa bustanini au hotelini milimani kwa ajili ya mandhari. Kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki iadhimishwe katika kanisa la parokia, au katika kanisa jingine kwa ruhusa ya paroko au ya mamlaka ya Jimbo. Mahali pengine panapofaa huhitaji ruhusa ya mamlaka ya Jimbo. Kwa kawaida, basi, Sakramenti ni kanisani na shangwe ni nje. Ibada ya Ndoa haina agizo lolote kuhusu kurusha maua. Ni desturi ya watu, na mahali pake ni nje ya mlango, baada ya baraka ya mwisho.

Maua yenyewe si mageni kwetu. Katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, watoto wa Utoto Mtakatifu hutangulia maandamano na vikapu vyao, wakitandaza petali mbele ya Sakramenti Takatifu. Huko Roma, Jumapili ya Pentekoste, petali za waridi jekundu hudondoshwa kutoka tundu la kuba la Pantheon, ambalo ni kanisa la Bikira Maria na Wafiadini, kuashiria ndimi za moto. Heshima tunayompa Yesu wa Ekaristi hailinganishwi na shangwe ya harusi, lakini vikapu tunavyo na watoto wamekwisha kuzoea kazi.

Sasa namna ya kutengeneza, kama nilivyoelekezwa na akina mama wa WAWATA waliojaribu na kukosea kabla yangu. Ua la kwanza ni bogenvilia, ambalo halichoshwi na joto la Mombo. Kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi, yenye maji kidogo. Hukauka bila kusinyaa sana. Waridi hufaa pia, ila husinyaa mno, hivyo yachumwe mengi. Oleanda iachwe kabisa kwa sababu ina sumu, na vivyo hivyo ua la mmea wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa: watoto hutia mikono mdomoni, na mbuzi hawakosi kwenye harusi zetu.

Chumeni asubuhi umande ukishakauka, siku tano au sita kabla ya harusi. Tandazeni kwenye ungo au mkeka, tabaka moja tu, kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hupausha rangi. Geuzeni kila jioni. Petali iko tayari inapolia kama karatasi kavu ukiifinya. Hapa chini mara nyingi siku tatu zinatosha. Lushoto, yapata kilomita 33 juu yetu, hasa baridi ya Juni na Julai, maua yanaweza kuvunda kabla ya kukauka. Ndugu wa milimani wenye waridi nzuri wayashushe kwa basi yakaukie huku. Yahifadhiwe kikapuni au kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya ndoo yenye mfuniko, unyevu kidogo tu huleta ukungu.

Penye maua machache, majani ya mwembe au mparachichi yaliyoanguka yenyewe yatobolewe, kabla hayajakauka hadi kuvunjika, kwa kile kifaa cha ofisini cha kutoboa karatasi za faili. Viduara vinavyodondoka ndivyo vinavyotakiwa. Kazi hii humchosha mtu mzima, lakini watoto wa Kipaimara huigombea. (Kifaa cha ofisi ya parokia naomba kirudishwe.)

Jaribio moja lisirukwe: lowanisheni petali chache, mzisugue kwenye kitambaa cheupe. Zikiacha doa hapo, zitaacha doa kwenye gauni.

Tena maua yachumwe uani, yasichumwe msituni. Ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni duniani kote, *Saintpaulia*, asili yake ni misitu yetu ya Usambara. Lilifika Ulaya miaka ya 1890 kwa mkono wa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye jina lake ndilo linalobeba. Porini limebaki kwenye miamba yenye kivuli, nalo hupungua kila msitu unapokatwa.

Siku yenyewe, vikapu vikae nje hadi Misa iishe. Konzi moja ndogo kwa kila asimamaye karibu na mlango inatosha, irushwe juu na si usoni. Katika harusi ya kijana mmoja wa kwaya tuliyoisherehekea hivi, yule mama wa zamu alifagia mara moja, akajaza ungo, akaenda kuumwaga kwenye shina la mgomba wake.