Uhuru wa Kusema na Haki ya Kuwamo

Mwaka 2017 shirika la Gallup, likishirikiana na Knight Foundation, liliwahoji wanafunzi wa vyuo zaidi ya 3,000 nchini Marekani. Walipotakiwa kuchagua lipi lina uzito zaidi, uhuru wa kusema au jamii inayompokea kila mtu, asilimia 53 walichagua la pili na 46 la kwanza. Wanawake na Weusi wengi waliegemea huko kwenye kupokewa. Ni rahisi kuhukumu kwamba vijana wameitupa Katiba yao. Lakini wanafunzi hao hao, asilimia 70, walisema wanataka chuo kinachoruhusu hata maneno ya kukera yasikike, na asilimia 61 wakakiri kuwa hali ya chuoni huwafanya baadhi ya watu wafiche wanayoyaamini. Kwangu mimi kasoro imo katika swali lenyewe, kwa kuwa limewagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Tazama Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1964. Uongozi wa chuo ulipiga marufuku meza za siasa, na waliokuwa wakizitumia ni pamoja na wanafunzi waliochangisha fedha kwa ajili ya haki za Weusi. Mmoja wa waliokaa kwenye meza hizo alipokamatwa, wenzake waliketi kulizunguka gari la polisi kwa saa zipatazo 32. Mario Savio, sauti kuu ya vuguvugu lile, alikuwa ametoka Mississippi kiangazi hicho kuwasaidia Weusi wajiandikishe kupiga kura. Walidai kusema ili wengine wapate kuwamo.

Atakayepinga atauliza: je, mwanafunzi mweusi aliye peke yake darasani, akishatukanwa, atanyoosha mkono tena? Hoja hiyo ni nzito, maana anayenyamazishwa kwa matusi naye amenyang'anywa uhuru wake. Vitisho vya kweli na kumwandama mtu, sheria ya Marekani haivilindi, na ni haki viadhibiwe. Kinachonitia hofu ni kuupa uongozi rungu la kuamua neno lipi linaudhi. Chuo Kikuu cha Michigan kilitunga kanuni ya namna hiyo mwaka 1988, baada ya visa vya ubaguzi. Mwaka 1989 mahakama ikaibatilisha, lakini kwa muda huo mfupi wanafunzi Weusi nao walikuwa wameshashtakiwa kwa kanuni iliyotungwa kuwakinga. Badala ya rungu hilo, mhadhiri aliyelisikia tusi anaweza kulikemea papo hapo, mbele ya wote, kisha akampa aliyetukanwa nafasi ya kujibu kwa kirefu.