Namba Inayoaminika kwa Urahisi: Kuhakiki Kiendeshi cha Kihisi Joto

Chanjo nyingi wanazopewa watoto wa Tanzania hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Sentigredi, tangu bohari ya taifa mpaka zahanati ya mwisho njiani. Wengi wakisikia hivyo huwaza joto peke yake, na kwa mkazi wa Milepa ni rahisi kuona kwa nini. Kata hiyo ya Sumbawanga iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 800. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda kilomita moja, anayeteremka ukingo wa bonde huacha baridi ya Ufipa nyuma yake na kuingia kwenye hali ya hewa nyingine kabisa kabla ya siku kwisha. Jokofu la chanjo lililowekwa bondeni linapambana na joto mchana kutwa. Hata hivyo, madhara yanayojificha zaidi hutokea upande wa pili wa kipimo. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya HPV zina chumvi za aluminiamu zinazoamsha kinga ya mwili. Zikiganda, chembe hizo hushikamana na kutuama, na kuyeyusha barafu hakurudishi nguvu ya chanjo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuta kwamba kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu na mizigo ya chanjo iliyochunguzwa iliwahi kushuka hadi joto la kugandisha. Alama ya VVM iliyobandikwa kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto lililojikusanya. Kuganda haikuoneshi.

Ndiyo maana macho ya mhudumu yanahitaji msaada wa kipimo kinachorekodi usiku na mchana, na ndiyo maana vifaa vinavyopima joto la jokofu na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu vimekuwa na thamani kubwa katika mikoa yenye vituo vilivyotawanyika kama Rukwa. Ofisa wa chanjo aliyeko Sumbawanga anaweza kuona jokofu la bondeni bila kuteremka. Lakini anachokiona kwenye skrini ni namba, na namba hiyo imepita mikononi mwa kitu ambacho yeye hakijui. Kama kifaa kinatumia Linux, kitu hicho huwa ni kiendeshi, yaani kipande cha programu ndani ya kiini cha mfumo endeshi chenye kazi moja ya kuzungumza na kihisi na kuyageuza majibu yake kuwa nyuzi joto. Ninasema kwamba kukisoma kipande hicho kwa makini, mstari kwa mstari, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ikiwa pembeni, ni sehemu ya mnyororo baridi sawa na kukagua mpira wa mlango wa jokofu. Makosa mabaya zaidi ya kiendeshi hayazimi kifaa. Yanatoa namba ambayo mtu mwenye akili timamu ataiamini.

Tukitazame kihisi kimoja kwa karibu. MCP9808 ya kampuni ya Microchip ni kidude kidogo cha bei nafuu ambacho vituo vya hali ya hewa vya mradi wa 3D-PAWS, ulioanza kufunga vituo vyake nchini Zambia, jirani wa Rukwa, na baadaye Kenya, vimekitumia pamoja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kihisi hiki huweka kipimo chake katika rejista ya biti 16. Biti 12 za chini zinabeba ukubwa wa joto, kila hatua moja ikiwa sawa na sehemu moja ya kumi na sita ya nyuzi, yaani 0.0625. Biti inayofuata inabeba alama ya chanya au hasi. Biti tatu za juu kabisa hazihusiki na kipimo hata kidogo: ni bendera za tahadhari, moja ya joto kupita kikomo cha hatari, moja ya kupita kikomo cha juu, moja ya kushuka chini ya kikomo cha chini. Kiini cha Linux hukwepa hesabu za desimali, kwa hiyo viendeshi vyake huripoti joto kwa elfu za nyuzi, na nyuzi 5 husomeka 5000. Kiendeshi kinachoitwa jc42, kilichoandikwa na Guenter Roeck mwaka 2010 na ambacho pia kinaihudumia MCP9808, kinafanya kazi yote hiyo kwa mistari miwili: kwanza kinachukua biti 13 za chini na kuitanua alama ya hasi ili namba isomeke sawasawa, kisha kinazidisha kwa 125 na kugawanya kwa 2.

Mistari miwili. Mtu anaweza kuuliza kuna nini cha kuhakiki hapo. Hebu tuone kinachotokea mwandishi mwingine akisahau kuondoa zile bendera. Tuseme ameweka vikomo vya 2 na 8, kama chanjo zinavyotaka, na kikomo cha hatari juu zaidi. Jokofu likiwa na nyuzi 5, rejista ina 0x0050, bendera zote zimelala, na jibu ni 5 kamili. Atapima asubuhi, atapima jioni, na kila mara kiendeshi kitakuwa sahihi. Jokofu likipanda hadi nyuzi 9, bendera ya kikomo cha juu inainuka, rejista inakuwa 0x4090, na kiendeshi kinatangaza nyuzi 1,033. Likishuka hadi nyuzi 1, kinatangaza 513. Maana yake kiendeshi kiko sahihi pale tu ambapo hakuna tatizo, na kinakosea katika saa ileile kilichonunuliwa kwa ajili yake. Kibaya zaidi ni kile kinachoweza kufuata kwenye mfumo wa kukusanya taarifa. Mtengenezaji wa tovuti anaona namba za ajabu, anadhani ni usumbufu wa waya au mtandao, na anaweka kichujio cha kutupa kila kitu kinachozidi nyuzi 100. Kuanzia hapo grafu inakuwa safi, haina hata nukta moja nje ya 2 na 8, kwa sababu kila nukta iliyotoka nje imefutwa. Mkaguzi anayeitazama grafu hiyo atalisifia jokofu.

Na bado huo ni mfano wa kosa linalopiga kelele, kwa kuwa 1,033 inashtua. Linaloniogopesha zaidi ni kosa lenye sauti ndogo. Ndani ya kiini cha Linux, kazi ya kusoma rejista ikishindikana, anayesoma hurudishiwa namba hasi inayoeleza sababu: -5 kwa hitilafu ya kusoma au kuandika, -6 kwa kifaa kisichojibu, -110 kwa muda uliokwisha. Kiendeshi kinatakiwa kutazama kwanza kama kilichopewa ni hasi, na kama ni hasi kikipeleke juu kama kosa, bila kukigeuza kuwa joto. Mwandishi akisahau ukaguzi huo, -6 inaingia kwenye hesabu kama kipimo cha kawaida. Hesabu sahihi ya jc42 yenyewe, ukiilisha -6, inaitoa ikiwa -6 ileile, inaizidisha na kuigawanya, na kutoa -375, yaani nyuzi 0.375 chini ya sifuri. Virekodi vya siku 30 vinavyofuata viwango vya Shirika la Afya Duniani hupiga kengele ya baridi joto linapokuwa chini ya -0.5 kwa dakika 60. Namba ya -0.375 haifiki hapo. Mfumo unaofuata kanuni hiyo utakaa kimya huku waya wa kihisi umeliwa na panya na hakuna anayejua jokofu lina joto gani. Mtu akiitazama namba yenyewe, ataona jokofu lililopoa kupita kiasi kidogo, ataagiza kirekebisha joto kilegezwe, na chanjo zitapashwa moto kwa maelekezo ya waya uliokatika.

Makosa ya namna hii hayapatikani kwa kupima mezani, na hapa ndipo jiografia ya Rukwa inapogusa msimbo. Kifaa kikijaribiwa Milepa, chumba hakishuki chini ya sifuri. Kikijaribiwa Sumbawanga wakati wa kipupwe, usiku una baridi ya kutosha kumfanya mtu atafute koti, lakini tawi la hasi la hesabu bado halijaguswa. Anayesahau kutanua alama ya hasi atapata majibu sahihi wiki nzima katika sehemu zote mbili, na siku jokofu litakapofika nyuzi 1 chini ya sifuri kiendeshi chake kitasema 511. Kuna pia makosa yanayojitokeza kwenye sekunde ya kwanza tu. Kihisi cha TMP102 cha Texas Instruments huhitaji milisekunde kadhaa ili kukamilisha kipimo cha kwanza baada ya kuwashwa, na kiendeshi chake katika Linux kiliwahi kulazimika kurekebishwa kwa sababu sehemu ya kiini inayosimamia joto ilikuwa ikiuliza mapema, inapewa namba isiyo na maana, na inaweza hata kuizima kompyuta ikidhani inaungua. Kifaa kilichowashwa mara moja maabara hakionyeshi hilo. Kifaa kinachozimika na kuwaka kila umeme unapokatika kitalikuta mara nyingi. Kosa la kupanga baiti kinyume, ambalo vitabu hulitaja sana, mimi silihesabu: linajionyesha dakika ya kwanza na halihitaji mhakiki.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imetiwa chumvi, kwa kuwa ndani ya jokofu tayari kuna kirekodi cha siku 30 kilichothibitishwa, na mhudumu anakisoma asubuhi na jioni. Ni kweli, na uamuzi wa kutumia au kutupa chanjo ubaki kwenye kirekodi hicho. Lakini kifaa cha kutuma taarifa kimewekwa ili kuamua jambo jingine, yaani nani ateremke bondeni, lini, na kwa mafuta ya nani. Katika miezi ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, safari moja isiyo ya lazima ni gharama, na safari iliyohitajika ikaahirishwa kwa sababu grafu ni safi ni gharama kubwa zaidi. Kikishindwa hapo, hakuna mwenye haki ya kujitetea kwamba kilikuwa cha ziada.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waandishi wa programu wenyewe. Kwa nini kuhangaika na kiini, wanauliza, wakati mistari 20 ya Python inaweza kusoma kihisi moja kwa moja kupitia I2C, njia ya waya inayokiunganisha na kompyuta? Inaweza, na kwa kituo kimoja cha majaribio sina tatizo nayo. Ila bendera tatu, alama ya hasi na waya uliokatika havitoweki kwa kuhamishiwa kwenye Python. Vinahamia kwenye faili ambalo limesomwa na mtu mmoja tu. Kiendeshi kilichoingizwa katika kiini kimepita kwa msimamizi wa eneo lake, Roeck kwa vipimo vya afya ya mashine na Jonathan Cameron kwa vihisi vya viwandani, na kikiwa na kosa hurekebishwa kwa kila anayekitumia. Ni haki pia kukiri kwamba uhakiki huo unachosha. Mchangiaji hurudishiwa kazi mara kadhaa, nyakati nyingine kwa nafasi zilizoachwa vibaya au jina la kigezo, mambo yasiyomsaidia mtoto yeyote kupata chanjo nzuri. Ningependa hayo yaachiwe mashine. Lakini swali la "namba hii ikiwa hasi inakwenda wapi?" huulizwa katika barua pepe zilezile za uhakiki zinazouliza kuhusu nafasi, na aliyezoea kulikwepa la pili hulikwepa na la kwanza.

Kwa wanaoandika au kununua vifaa hivi kwetu, uhakiki wa kwanza hauhitaji kihisi wala friza. Kiini cha Linux kina moduli iitwayo i2c-stub inayojifanya kuwa kihisi na kushika namba yoyote utakayoiweka katika rejista. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au fundi aliyeko Sumbawanga mwenye kompyuta ya kawaida, anaweza kuweka 0x0050 na kudai 5000, 0x4090 na kudai 9000, 0x2010 na kudai 1000, kisha 0x3FF0 na kudai -1000. Zabuni ya kununua vifaa vya mkoa mzima inaweza kudai majibu hayo manne yaambatanishwe, na isipokee picha ya grafu nzuri badala yake. Majibu hayo yatafichua bendera na alama ya hasi kwa dakika chache. Waya uliokatika moduli hiyo haiuigi: hapo itabidi msimbo ufunguliwe, na msomaji aifuate ile -6 kutoka kwenye mstari inakozaliwa mpaka kwenye mstari inakoandikwa kama kosa, au inakogeuzwa kuwa joto.